Kidonda Kisichokaliwa

Nakumbuka alasiri moja ya Jumamosi, saa tisa na dakika kumi. Saa naijua kwa sababu niliitazama ya ukutani ili nisimtazame baba usoni. Hapo ndipo nilipofanya kosa ninalotaka kukusimulia, mwanangu. Ukitaka kucheka, cheka, maana mwisho wake ulikuwa mwema.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, fundi viatu pale Kaloleni, nimepanga nyumba ndogo Lemara. Baba yangu, mkulima wa kahawa na mzee wa kanisa upande wa Makumira, alikuwa kwangu wiki ya nne tangu apasuliwe. Alikuwa na saratani ya puru, ile sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Daktari aliiondoa pamoja na njia ya haja kubwa, akamfungulia njia nyingine tumboni, inayoishia kwenye mfuko.

Shule sikufika mbali, lakini napenda kujua jambo kwa mpangilio. Kabla ya upasuaji nilimwuliza daktari shimo litakalobaki ataliziba vipi. Hakunidharau. Alisema shimo likiwa dogo, kingo huvutwa zikashonwa, basi. Lakini la baba lingekuwa kubwa, na ngozi yake ilikuwa imepigwa mionzi. Kingo zikivutwa kwa nguvu zingeachana. Nyama ingeweza kuletwa kutoka tumboni au kutoka takoni. Kwa kuwa tumboni pangewekwa mfuko, alichagua tako: angekata kipande cha nyama na ngozi yake, akigeuze kiingie shimoni kikiwa bado kimeshikana na mshipa wake wa damu.

Nilimwelewa upesi. Fundi viatu anajua kwamba ngozi iliyovutwa kupita kiasi hupasuka kwenye mshono.

"Ila kiraka cha kiatu hakihitaji damu," daktari akaniambia. "Hiki mzee akikikalia, anaubana mshipa. Wiki sita asimame, atembee, alale ubavu. Asikae."

Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake.

Lakini watu walipouliza baba kapasuliwa nini, nilijibu: tumbo. Niliona si heshima kutaja mahali pale pamoja na jina la mzee. Kwa hiyo wageni walipofika Jumamosi ile, wazee wenzake wa kanisa pamoja na mkwe wetu, baba wa mke wangu, hakuna aliyejua. Walimkuta amelala ubavu kwenye godoro sebuleni. Na kwetu, mzee hampokei mkwe akiwa amelala, labda awe anakata roho.

"Mkwe," yule mzee akatania, "tumbo limeshonwa mwezi mzima sasa, bado unatupokea kama mzazi wa juzi?"

Wakacheka. Baba akanitazama, akingoja niseme neno. Nami nikaitazama saa.

"Kaa kidogo, baba," nikamnong'oneza. "Dakika tano."

Nikamwinua, nikamwekea mto kitini. Mwanangu, umewahi kuona wazee wa kanisa wakimaliza kwa dakika tano? Nyimbo mbili, neno, salamu za mtaa, kisha kila mmoja na sala yake. Dakika arobaini. Baba alitoka jasho.

Shangazi, dada mkubwa wa baba, alikuwa jikoni na mke wangu. Alipoleta chai ndiye aliyeliona doa la damu kwenye mto. Akaweka birika chini.

"Umemkalisha?"

"Wageni, shangazi..."

"Wageni wamekuja na matako yao ya kukalia. La ndugu yangu lina kazi nyingine."

Akawaeleza wote, kwa maneno ya kawaida, saratani ilikuwa wapi na nyama imetoka wapi. Hakupunguza hata neno. Kisha akanigeukia: "Kidonda kinamuuma yeye, aibu inakuuma wewe. Ulipaswa kuuguza kipi?"

Ni mkwe aliyenyanyuka kwanza, akavua koti. "Mngesema," akaniambia taratibu, "tungekaa sakafuni, tulingane naye."

Tukaita teksi. Baba alilala ubavu kwenye kiti cha nyuma, kichwa kikiwa mapajani mwa mkwe wake. Tulipokaribia hospitali nikamsikia baba akisema, "Haya, mkwe, leo umenipokea wewe."

Daktari hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi. Ngozi ilikuwa imeachia upana wa vidole viwili. Akaibonyeza ile nyama kwa kidole, ikawa nyeupe. Akaachia. Nikahesabu moyoni: moja, mbili. Rangi ikarudi.

"Ina damu," akasema. "Iko hai."

Niliegemea ukuta. Akasafisha, akashona palipoachia, akaanza kuhesabu wiki upya. Zilipokwisha, baba alikaa. Alikalia kiti chake cha Makumira miaka kumi na minne mingine, na kila mkwe alipofika walikumbushana safari ya teksi.

Mwanangu, wahenga walisema mficha uchi hazai. Nami naongeza kwamba amfichiaye mgonjwa wake uchi humuumiza kwa mikono yake mwenyewe. Kujua peke yake hakumlindi mtu. Daftari langu lilijua kila kitu. Ukiwa na mgonjwa, taja ugonjwa kwa jina lake kwa wale watakaoingia mlangoni, na neno la daktari lisimame hata mbele ya mkwe. Heshima ya mzee haiko kwenye kiti.

Mungu akupe shangazi asiyeona haya, na wakwe wanaojua kukaa sakafuni. Na siku utakapokosea, maana utakosea, akujalie hasara isiyozidi yangu: teksi kwenda na kurudi, dawa ya kusafishia na nyuzi, jumla shilingi elfu ishirini na sita.