Nilivyofunza Vichwa vya Wanariadha

Asubuhi niliyoripoti chuoni Kitengela kuwa kocha wa riadha, Mkuu wa Michezo alinikabidhi filimbi na utepe wa kupimia. "Madam, wewe shughulika na miguu," akaniambia. "Kichwa ni kazi ya walimu wa darasani." Nilicheka nikaitikia, kwa kuwa hata mimi niliamini hivyo.

Aliyenibadilisha ni Naserian, mwanafunzi wa kutoka Illasit, mrukaji wa kwenda juu. Mazoezini alipita upau bila hata kuugusa. Siku ya mashindano, aliuangusha kila mara.

"Kochi, nguvu niko nayo," aliniambia akilia. "Lakini nikisikia jina yangu kwa spika, naona tu vile nitaanguka."

Basi tukaanza kazi ya kichwa. Kwanza pumzi: kuvuta kwa pua, kutoa taratibu mpaka mabega yashuke. Kisha taswira, yaani kufumba macho na kujiona ukiruka vizuri, mwili ukihisi kila hatua. Mwisho, neno la kujiambia. Nilimpendekezea "Naweza." Akakunja uso.

"Hiyo ni ya mtihani. Mimi nitasema sidai."

Kwa Kimaa, sidai ni kitu kizuri, cha kupendeza. Kila jioni alirudia mambo hayo kwa mpangilio uleule, wenzake wakimpigia makelele makusudi ili azoee. Walifurahia sana kazi hiyo!

Mashindano yalifanyika Kajiado mjini. Aliangusha upau mara mbili. Ilibaki nafasi moja, akishindwa anatoka. Mkuu wa Michezo akanishika mkono. "Mwambie akimbie kwa nguvu zaidi!"

"Mkuu, tusimwambie kitu. Anajua la kufanya."

Naserian akafumba macho. Mabega yakashuka. Niliona midomo ikitamka lile neno, kisha akaja mbio, akapinda mgongo hewani. Upau ukatikisika, ukatulia. Tulipiga kelele mpaka sauti zikakauka, na Mkuu, mtu wa suti na tai, akarukaruka kama mtoto wa nasari.

Jumatatu akaniita ofisini. "Madam, hiyo maneno ya kichwa, wafunze wote. Hata mimi."

Baadaye nilihamishiwa tawi la Nkoroi, nikawafunza wachezaji wa voliboli hayohayo hadi nikastaafu. Naserian sasa ni kocha pale Kitengela. Jumamosi nikipita kumsalimia, huwakuta wakimbiaji wake wamelala nyasini, macho yamefumbwa, vidole vya miguu vikichezacheza. Wapita njia hudhani wamechoka. Mimi najua wanakimbia.