Mpagani wa Meza ya Kahawa

Mama alivumilia Jumapili kadhaa kuniona nimebaki kwenye benchi wakati wenzangu wanapanga mstari wa komunyo. Kisha siku moja, tukipanda mlima kutoka kanisani, akaniuliza kama nina dhambi ninayoogopa kuiungama. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo. Nilikuwa na jibu refu, lenye utangulizi na hitimisho, nililolifanyia mazoezi zizini mbele ya mbuzi. Pale njiani likatoka neno moja tu: siamini.

Mama alihamisha mwavuli mkono wa pili. "Biblia umeisoma yote?"

Nikasema bado.

"Basi kaisome kwanza. Ukimaliza utaniambia."

Alinijua. Mimi ni mtu ambaye nikikosea herufi moja naanza ukurasa upya. Sikuchaguliwa kwenda sekondari, kwa hiyo kila ninachokijua nimejifundisha kwa madaftari ya kaka yangu aliyesoma sekondari ya Kigonsera na kwa magazeti yaliyofungiwa sukari, na siku zote nina hofu kwamba mtu atatokea aniulize jambo lililokuwa kwenye kipande kilichochanika. Imani yangu haikuniacha kwa kishindo. Iliondoka kama kwikwi: unashtuka tu haipo, na hukumbuki ilikoma saa ngapi. Lakini kukataa kitabu nilichokisoma vipandevipande kulinitia aibu kuliko kule kutoamini kwenyewe. Jioni ile ile nikaanza Mwanzo.

Ulikuwa msimu wa kahawa. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kufika mpaka kwetu, juu ya kijiji cha Mapera, na magari yao, wakishindana na chama cha ushirika, na walikuwa wachaguzi. Walichota kiganja cha kahawa ya maganda, wakaigeuzageuza juani, na wakiona punje nyeusi mbili walikunja uso kama waliotukanwa. Kwa hiyo akina mama wa upande wetu wa mlima walichambua kwa zamu, leo meza ya kuanikia ya huyu, kesho ya yule: mama yangu, shangazi yangu anayekaa jirani, na mama mmoja kutoka ziwani aliyepanda kila mwaka na magunia ya usipa, dagaa wa kwao, kubadilishana na mahindi. Huyu alikuwa Mwanglikana. Alifikia kwetu, na alichambua nasi ili asikae bure.

Nilijaribu kusoma kimyakimya huku nachambua, Biblia nimeiegemeza kwenye debe. Shangazi akaokota punje mbovu kutoka fungu langu, akaokota nyingine, akanisogezea debe.

"Kama unasoma, soma tusikie wote. Sehemu yako tutakuchambulia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuwasomea Wakristo Biblia, mimi nisiyeamini. Mama alikuwa amewaambia. Hakutaka wasikie kwa watu. Mama wa ziwani akanibatiza upya siku hiyo hiyo. "Haya, mpagani wetu," alisema kila asubuhi akikunja mikono ya sweta, maana Julai kwetu ukungu hauondoki mapema, "leo tunaanzia wapi?"

Tulianzia nilipoishia jana, bila kuruka. Sikuweza kuruka. Nikikosea jina la mtoto wa mtu katika ile orodha ya vizazi, nilirudi mwanzo wa mstari, na shangazi aliguna kama anayepandishwa mlima mara ya pili. Tulipomfikia Lutu na binti zake, pale wanapomlewesha walale naye, masikio yaliniwaka moto. Mama alikuwa amekaa mbele yangu kabisa. Nilijua pia kwamba nikiacha mstari mmoja sitakuwa nimesoma yote, na ahadi itakuwa imevunjika. Nikasoma, bila kuinua macho.

Mkono wa shangazi ulisimama juu ya kahawa. "Hiyo imo humo?"

"Imo, shangazi."

"Na padre anajua?"

"Anajua," mama akasema. "Endelea."

Walimhurumia Lea kama jirani. Yakobo walimpa lawama zake, kisha wakakumbushana wanaume wa kijijini waliofanya kama yeye bila hata kudanganywa. Mambo ya Walawi yaliwasinzisha mpaka tulipofika kwenye samaki, pale panapokatazwa kila kilicho majini kisicho na magamba.

"Kambale amekatazwa?" mama wa ziwani akauliza.

Nikasema inaonekana hivyo, kambale hana magamba.

Akafikiri, akatupa punje nyeusi chini. "Ndiyo maana hujaona Mwisraeli kwetu Mbamba Bay."

Acha niseme ukweli. Nilikuwa na wasiwasi nitawaharibia imani. Usiku nililala nikiwaza kitabu cha Waamuzi na mambo yaliyomo, nikijiuliza nina haki gani ya kumsomea shangazi mambo yale. Wao hawakutikisika hata kidogo. Mambo yale walikuwa wameyaona maishani kabla yangu. Baada ya habari ya Daudi na mke wa askari wake, shangazi alisema kumbe hata mume wake ana nafasi mbinguni, na akacheka peke yake mpaka jioni. Aliyekuwa anatazamwa kwa wasiwasi ni mimi, na aliyenitazama zaidi ni mimi mwenyewe. Kila sura ilipoisha nilijipima kama mgonjwa wa malaria anayejishika paji la uso: imani imerudi? Nilitaka irudi, kwa ajili ya mama. Tulipofika kwa Ayubu nililia, ikabidi nisingizie moshi. Lakini kulia si kuamini, na nisingeweza kumdanganya mama kwa machozi.

Kulikuwa na jambo moja dogo. Kanisani, msomaji akimaliza somo husema, "Neno la Bwana," nao watu huitika, "Tumshukuru Mungu." Mimi maneno yale yalinikwama. Kusoma niliweza, kuthibitisha kwa kinywa changu ni nani aliyesema, hapana. Siku ya kwanza nilifika mwisho wa sura, nikanyamaza, mikono yote ikasimama. Mama akaangalia kahawa yake na kusema taratibu, "Tumshukuru Mungu," kama mtu anayesogeza kigoda ili mwenzake asijikwae. Kesho yake shangazi akaitika naye. Tulipofika Wafalme walikuwa wanaitika wote watatu mara tu sauti yangu inaposhuka, kwa sababu kuitika kulimaanisha pia kwamba sasa tunakunywa uji.

Habari zikamfikia katekista. Alikuja mchana mmoja, tukamwamkia shikamoo mwalimu, akaketi kwenye ncha ya benchi. Hakuwa mkali. Alinifundisha komunyo ya kwanza na alinipenda, na nadhani aliumia. Akaeleza kwamba mambo mengine yanahitaji maelezo, si ya kusomwa hivihivi kama barua.

"Mwalimu," shangazi akasema, "miaka yote hii hukutuambia habari za Lutu."

"Ndiyo nasema. Yanahitaji maelezo."

"Basi kaa utueleze."

Akakaa. Alieleza vizuri, na baada ya muda mikono yake nayo ikaanza kuchambua. Alipoondoka akaniita pembeni. Jumamosi moja ya mwezi wa nane jumuiya, waumini wa upande wetu wa mlima, ingefanyia sala nyumbani kwetu, na kwa desturi msomaji hutoka katika nyumba ile. Angefurahi nisome mimi. Lakini ni lazima nimalize kama inavyopaswa. "Ukisoma bila kusema Neno la Bwana," akasema, "mbele ya jumuiya, utakuwa umesoma gazeti. Na watu watamwuliza mama yako, si wewe."

Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mama hakuwahi kuniomba zawadi wala nguo. Alichokuwa akisubiri, tangu baba afariki, ni siku jumuiya itakapokaa kwetu nami nisimame kusoma, mbele ya watu wale wale waliotuletea kuni wakati wa msiba.

Kahawa iliuzwa. Mnunuzi alichota kiganja chake, akakigeuza, asione punje nyeusi hata moja, na mama wa ziwani akamwambia asikonde, hiyo imechambuliwa kwa maandiko. Nilimalizia Ufunuo peke yangu, jikoni. Nikakaa na kitabu kilichofungwa, nikajipima mara ya mwisho, kisha nikatoka. Mama alikuwa anakung'uta magunia matupu.

"Nimemaliza."

Akaendelea kukung'uta. "Na?"

"Bado siamini, mama."

Vumbi la maganda lilikuwa limemkaa kwenye nyusi. Alikunja gunia mara mbili, akalilaza juu ya mengine, akalilainisha kwa kiganja kana kwamba ni kanga ya kwendea kanisani.

"Lakini umekipenda."

"Nimekipenda."

"Jumamosi utasoma."

Nikamwambia alichosema mwalimu, na kwamba yale maneno sitaweza, na kwamba sitaki watu wamwulize. Nililia tena, safari hii bila moshi wa kusingizia. Aliniacha mpaka nikamaliza.

"Soma mpaka unapofika," akasema.

Jumamosi walijaa, wengine wakakaa mpaka barazani. Mama wa ziwani alikuwepo, kwa kuwa lori la kumrudisha lilikuwa halijapata mzigo wa kutosha. Hakuwa hata wa jumuiya yetu, wala wa kanisa letu, lakini alikaa mbele. Somo lilikuwa la Eliya, pale anapochoka, anapoomba afe, na malaika anamwamsha mara mbili ale mkate kwa sababu safari ni ndefu. Tulikuwa tumelisoma mezani. Nilimwona shangazi akitangulia kwa midomo. Sikukosea neno, na kwa mara ya kwanza sikufurahia kutokosea, kwa sababu kila mstari ulinisogeza kwenye ule mwisho. Nikafika kwenye mlima wa Mungu. Sauti yangu ikashuka.

"Tumshukuru Mungu," wakasema watatu kwa pamoja, upesi, kama mezani, mama wa ziwani akiwazidi wote kwa sauti. Na baraza lote, ambalo liko tayari siku zote kuitika wengine wakianza, likafuata.

Katekista aliinua kichwa. Alinitazama mimi, akamtazama mama, kisha akaanzisha wimbo.

Baada ya sala, watu walipokuwa wanamega viazi, alinisogelea. Aliongea kwa upole, lakini mama, aliyekuwa anapita na birika, alisikia.

"Umesahau mwisho."

Nilifungua kinywa. Nilikuwa na jibu refu.

"Hajasahau, mwalimu," mama akasema. "Lete kikombe nikuwekee chai."