Daktari wa Ng'ombe na Lori Lisilo na Bima

Habari zilinifikia Jumanne asubuhi, nikiwa nimeketi kuandika jambo jingine kabisa. Binti wa jirani yangu alipiga simu akasema, "Mwalimu, Baba ametuacha," kisha akashindwa kuendelea. Nilijua moyo wa babake ulikuwa umemsumbua kwa majuma kadhaa, lakini nilikuwa nimejiahidi kwenda kumwona Jumamosi, na Jumamosi haikuwahi kufika. Kwenye mazishi nilipewa dakika tano. Nikasema alikuwa jirani mwema, kwamba alipenda mifugo na watu wake, watu wakatikisa vichwa, nikaketi. Sikusema kwamba miaka mingi iliyopita nilikaribia kumtia mtu asiye na hatia matatani kwa ajili yake, na kwamba yeye mwenyewe, akiwa na mguu mmoja, ndiye aliyenizuia. Wanaosoma safu hii wamezoea kuniona nikiwahukumu wengine. Leo zamu ni yangu.

Tulimwita Daktari, ingawa cheti chake kilikuwa cha msaidizi wa daktari wa mifugo. Alikuja Kajiado kutoka magharibi mwanzoni mwa miaka ya tisini akiwa mwajiriwa wa serikali. Serikali ilipoanza kupunguza wafanyakazi, barua ikamfikia na yeye pia. Wenzake wengi walifunga virago wakarudi nyumbani. Yeye alinunua pikipiki, akafunga kisanduku cha chanjo nyuma ya kiti, akaanza kuzunguka kwa wafugaji kwa hesabu yake mwenyewe. Kimaasai chake kilikuwa kibovu na alijua hivyo. Akifika bomani alisalimia "Supa!" kwa sauti ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mto, wazee wakajibu "Ipa!" huku wakicheka, na kufikia wakati kicheko kinaisha tayari alikuwa amepiga magoti kando ya ng'ombe mgonjwa. Niliwahi kuandamana naye mara moja, tukakuta ng'ombe aliyeshindwa kuzaa. Alishughulika naye tangu saa nne hadi jua likawa utosini, shati limejaa damu hadi begani, na ndama alipotoka hai alicheka kwa nguvu kuliko mwenye mali. Jambo moja zaidi niliseme mapema: pikipiki ile ilikuwa na bima kila siku iliyokuwa barabarani. "Mwalimu," aliniambia, "nikigonga mtoto wa mtu, nitamwambia nini mamake? Pole peke yake?"

Ilikuwa alasiri, mwishoni mwa miaka hiyo ya tisini. Nilikuwa nikitoka shuleni Kitengela, nimebeba madaftari ya wanafunzi, nikasimama kando ya barabara ya Namanga nisubiri kuvuka. Nilimwona Daktari akija polepole kwa pikipiki upande wake. Nikainua mkono kumsalimia. Wakati huohuo lori la mawe likachomoka kwenye barabara ya vumbi inayotoka timboni, kwenye machimbo ya mawe, halikusimama, likamkumba ubavuni. Sitaeleza sauti yake. Nilipomfikia alikuwa amelala kwenye changarawe, macho yamefunguka, mguu wa kulia umegeuka mahali mguu haugeuki, naye alikuwa akiuliza kama chanjo zimemwagika. Dereva wa lori aliteremka, akatazama, akashika kichwa. Mimi niliinua macho kwenye kioo cha mbele nikatafuta stika ya bima. Ilikuwepo. Ilikuwa imekwisha muda wake miezi minane nyuma. Nikamwona dereva akiniona nikiisoma. Alipanda garini na kuondoka, nami nikaandika nambari ya lori nyuma ya daftari la kwanza lililokuwa mkononi mwangu.

Mguu ulikatwa chini ya goti. Katika wodi ndipo tulipojifunza kile ambacho watu wengi hawajui hadi wamelala kitandani: bima aliyokuwa akiilipia kwa uaminifu ilikuwa ya kuwalipa wale ambao yeye angewagonga. Haikuwa na neno lolote juu yake mwenyewe. Fidia yake ilipaswa kutoka kwa bima ya lori, na lori halikuwa na bima. Kampuni iliyotoa stika ile ya zamani ilijibu kwa barua fupi kwamba haihusiki. Wakili mmoja alitueleza kwamba tunaweza kumshtaki mwenye lori binafsi, ila tusitarajie mengi. Mke wa Daktari alisikiliza yote haya akiwa amesimama, mkoba mkononi, kama mtu anayengoja kuambiwa sehemu iliyobaki.

Sehemu iliyobaki ililetwa na mwanamume wa suti ya kijivu aliyekuwa akizungukazunguka hospitalini akitafuta waliogongwa. Alijiita mshauri, sisi tulimjua kama broka. Alinifuata mimi, si Daktari. Alikuwa amekwisha kuchunguza: kitabu cha polisi kilisema "lori la mawe" tu, bila nambari, kwa kuwa taarifa yangu ilikuwa haijaandikwa. "Malori ya mawe hapa ni mengi," alisema. "Niko na moja, bima yake iko sawa kabisa. Wewe ndiye ulionekana pale. Andika nambari hii badala ya ile, fidia ikitoka mimi nachukua sehemu yangu." Nikamuuliza dereva wake atasema nini. "Huyo ni mambo ya faini kidogo tu. Kwani hutaki kumsaidia rafiki yako?" Nilitaka. Nilikuwa nimemwona akijifunza kusimama upya akishika ukuta. Katika ofisi ya broka, chumba kimoja nyuma ya duka la dawa, nilisoma taarifa iliyokuwa imekwisha kupigwa chapa kwa jina langu, nikatia sahihi. Niseme kweli: sikusita. Nilijiona mtu mwema.

Jioni hiyohiyo nilikwenda kwao kumweleza, nikitarajia shukrani. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Huyo dereva mwingine," aliuliza, "amefanya nini?"

"Hajafanya kitu. Lakini ni bima itakayolipa, si yeye."

"Nani atasimama kortini aambiwe ndiye alinikata mguu?"

Aliyejibu ni mke wake. "Baba Rehema," alisema, akimwita kwa jina la binti yao, "watoto watakula huo ukweli wako? Watavaa huo ukweli waende nao shule?" Sauti yake ilikuwa ya chini, na ndiyo iliyonitisha. "Mama, najua," Daktari alimjibu. "Lakini huyo mtu pia ako na watoto, na wao hawajui hata tunawazungumzia." Mke wake aliingia chumbani akafunga mlango.

Asubuhi yake Daktari alinifanya nimpeleke kwa broka. Alipanda ngazi tatu za ofisi ile kwa magongo, akikataa mkono wangu. Broka alitabasamu hadi aliposikia tunataka karatasi irudi. "Mwalimu, hii ni sahihi yako," alisema, akiigonga kwa kidole. "Nikiipeleka polisi niseme umeandika uongo, nani ataingia ndani? Mimi sijaandika kitu." Niliiona kazi yangu ya ualimu ikiondoka kupitia dirisha lile dogo. Daktari alijishusha kwenye kiti kilichokuwa karibu na mlango, akalaza gongo moja likaziba njia. "Basi twende polisi sisi wote watatu, sasa hivi," alisema. "Mimi ndiye niligongwa. Nitawaambia ni lori gani, na nitawaambia ni nani alileta nambari nyingine." Broka alimtazama, akalitazama gongo. Kisha akaitupa karatasi mezani.

Tulitembea hadi kituo cha polisi, nikaandikisha nambari ya kweli. Njiani Daktari alisema maneno machache tu: "Wewe ndiye shahidi pekee niko naye. Ukishadanganya, ni nani atakuamini siku ya kusema ukweli?"

Kesi ilisikilizwa Kajiado, ikaahirishwa, ikasikilizwa tena. Nilisimama kizimbani nikahojiwa na wakili wa mwenye lori kwa muda wa kutosha kunifanya nishukuru kwamba nilichokuwa nikisema kilitokea kweli. Hakimu aliamua upande wetu. Tulikumbatiana nje ya korti kama watu walioshinda. Lakini lori lilikuwa limekwisha kuhamishiwa jina la mtu mwingine, na mwenye lori hakuwa na chochote kinachoweza kukamatwa. Alileta fedha kidogo mara tatu, kisha akahama. Basi. Mke wa Daktari alianza kununua vitunguu Kimana na kuviuza Kitengela, akaisimamisha nyumba ile kwa mikono yake, na kwa zaidi ya mwaka mmoja hakunisemesha. Daktari alifungua duka dogo la dawa za mifugo. Wafugaji waliokuwa wakimngoja bomani sasa walimfuata yeye. Niliwahi kukuta pikapu tatu nje ya duka lake, kila moja na ndama mgonjwa nyuma.

Siku hizi barabara ile imejaa vijana wa boda boda, wengi wao hawajafikisha umri wa kuota ndevu vizuri. Mwaka jana tu nilimsikia Daktari akigombana na mmoja wao dukani. Kijana alisema bima ni ya kumridhisha polisi. Daktari hakumwonyesha mguu wa bandia, jambo ambalo mimi ningelifanya. Alimuuliza tu, "Mamako akigongwa na mtu anayefikiria hivyo, utamdai nani?"

Baada ya mazishi mke wake alinivuta kando. "Nilimkasirikia sana wakati ule," alisema. "Na sitakudanganya, Mwalimu, kuna siku bado nakasirika. Lakini hakuna mtu hata mmoja nje huko ambaye naogopa kukutana naye." Nimeyabeba maneno hayo hadi kwenye meza hii. Hayafuti dhuluma aliyotendewa. Mtu aliyelipia bima ili asiwaumize wengine alipoteza mguu bila kulipwa, na sheria iliyolazimisha kila gari liwe na bima haikuwa na la kumpa pale gari lilipokosa. Hilo ni la kurekebishwa na wenye uwezo, si la kusifiwa kama uvumilivu. Ila kwetu sisi wengine nimejifunza jambo moja, nalo nimelipata kwake: anayeingia barabarani bila bima huwa ameshaamua kwamba mtu mwingine ndiye atakayelipa, bado tu hajamjua, nami niliyetia sahihi ile karatasi kwa huruma nilikuwa nimefanya uamuzi uleule, na dereva yule niliyemchagulia kulipa alikuwa na jina.