Fundo ya Ndama mu Ordinateur

Kama weye ulifika Bunia nyuma ya mwaka 2014, ulichelewa, pole yako. Haukuona siku zile muji wetu ulikuwa unatengeneza ordinateur zake wenyewe, kompyuta za kuweka ku meza. Usicheke. Watu wa Kisangani walicheka vilevile, kisha wakatuma mutu kuja kununua mbili, na yule mutu akarudia ya tatu.

Mwenye kuzitengeneza alikuwa Anaclet, mutu wa Shari, shingo ndefu, miguu kama ya korongo. Alisoma électronique miaka mbili ku shule ya ufundi. Mwaka wa tatu vita ikafunga mulango. Na ile miaka mbili peke aliweza kufungua redio macho yamefumbwa. Wengine tunawajua, walisoma mupaka mwisho, na leo bado wanaita jirani abadilishe ampoule ya taa.

Anaclet alikuwa fundi ku Maison Katsuva, nyumba ya redio, batri na panneau za jua, kandokando ya boulevard. Patron, Jean-Claude Katsuva, alikuwa mutu wa kucheka polepole. Vita ilikuwa imetulia. Hatuseme imeisha, tunasema imetulia: watu walikuwa wanajenga nyumba za tofali, lakini mufuko wa nguo za kukimbia ulikuwa bado unaning'inia nyuma ya mulango. Na amani ile ilileta mashirika, shule, chuo, kila mutu anatafuta ordinateur. Zile zilizotoka Kampala zilifika zimekwisha kuguswa na barabara, kufa nusu.

Njo Anaclet akamuambia patron: tulete vipande tu, kupitia Aru, siye wenyewe tutaviunganisha hapa. Patron alicheka polepole siku tatu. Siku ya ine akakubali. Mwaka 2009 wakapaka chumba ya nyuma rangi ya bluu, wakaandika ku mulango SECTION ORDINATEURS, na Anaclet akapewa blouse nyeupe kama ya daktari na kiti ya kuzunguka. Wiki ya kwanza alizunguka kuliko kufanya kazi. Elisabeth, muke wake, alimuletea chakula, akamukuta anazunguka na macho yamefumbwa, akarudi nyumbani na chakula yake.

Lakini kitu iliuzisha mashini zile haikuwa rangi ya bluu. Ilikuwa fundo.

Baba ya Anaclet, muzee Paul, alikuwa na ng'ombe kule Fataki, na ndama zake alizifunga na fundo moja ya kwake: unazungusha kamba mara mbili, unapitisha mukia wa kamba ku kuume. Ndama avute mupaka achoke, fundo haiachie. Weye mwenye kujua unagusa mukia kidogo, yote inafunguka. Anaclet aliijua fundo ile mbele ya kujua kuandika jina yake. Muzee alikuwa na desturi ingine, ile mutoto hakuishika. Akiuza ng'ombe, anafungua kamba yake, anaikunja, anaitupa ku bega. Mununuzi aje na kamba yake. Hata mukwe wake mwenyewe alirudishwa njiani kwenda kutafuta kamba. "Kamba yangu haitoke na ng'ombe," njo maneno ya muzee. Anaclet alizani ni uchoyo.

Basi mu kila ordinateur alikusanya nyuzi za ndani, akazifunga na kipande ya mupira ya ndani ya baiskeli, kwa fundo ya ndama. Mununuzi akija, Anaclet anafungua sanduku mbele yake na kumuonesha na kidole.

"Unaona hii? Nimefunga mimi. Siku mashini itakusumbua, ukinirudishia na fundo hii ndani, nitatengeneza bure. Mupaka nikufe."

Mu muji ambamo mutu anakuuzia simu leo na kesho anapita njia ingine asikukute, neno ile ilikuwa na uzito. Walimu, masista, watu wa mashirika, hawakuuliza tena mashini iko na nguvu gani. Waliuliza iko na fundo. Hata Domitille Musoki alikuja kununua, na Domitille hakuwa mutu wa kudanganywa. Alizaliwa Butembo, alikuwa muganga wa kituo ya afya kule Fataki mwaka wa kumi sasa, na alijua ng'ombe kuliko wenye ng'ombe. Aliangalia fundo, akaangalia Anaclet, akasema: "Hii ni ya muzee Paul. Funika, ninabeba."

Siku ile Anaclet hakuhitaji kiti ili azunguke. Kule Fataki, kaburi ya baba yake iko nyuma ya kituo ile ya afya. Jina yake sasa ilikuwa inakaa pale, mu mashini, karibu na muzee.

Mwaka 2012 typhoïde ikamulalisha Anaclet mwezi muzima. Kazi ilikuwa inangoja, shule moja ya Aru ilikuwa imetuma mutu mara mbili. Anaclet akamuita Rémy ku kitanda, akamufundisha fundo ku kamba ya mustikeri, chandarua ya mbu, amelala, mikono juu, jasho inamutiririka. Utauliza Rémy ni nani mupaka afundishwe kitu ile. Rémy alikuwa fundi mwenzake. Mwaka 2003, wakati Bunia ilikuwa inawaka, Rémy alikuwa na jeraha ku mguu, na Anaclet njo alimubebea mama yake, mama Adeline, ku mugongo, toka Komanda mupaka Beni. Siku nane. Mama alikuwa anamuombea ndani ya sikio njia yote, na wakati mwingine anamugombeza kwamba anatembea vibaya. Mutu uliyebebea mama yake hivyo, utamuficha fundo?

Rémy alifunga mashini za Aru vizuri, na mukono wake wa kushoto. Anaclet alipona, akasahau.

Nyuma ya mwaka moja zikaingia mashini za kubeba, toka Uganda, nyepesi kama sahani, na watu wa Bunia, unatujua siye, tulipenda kupita nazo mu boulevard zikiwa wazi zionekane. Mashini ya Anaclet huwezi kupita nayo, labda na mukokoteni. Patron aliacha kucheka polepole, akaacha kucheka kabisa. Alifungua depo, duka ya pili, nyuma ya soko, akamuambia Anaclet abaki mu chumba ya bluu na wanunuzi wakubwa, Rémy atatumikia depo. Anaclet alishukuru. Alizani anaheshimiwa.

Kisha mashini zikaanza kurudi. Moja inatoa moshi, moja inalala katikati ya kazi, moja imesahau vyote mwalimu aliandika. Anaclet anafungua: fundo iko. Alikuwa ametoa neno, akakata mupira na kisu, akatengeneza bure. Ikaja ingine, fundo iko. Ingine. Hakukumbuka kuziunganisha, lakini mutu anakumbuka kila sahani aliyokulia? Akaanza kuogopa mikono yake mwenyewe. Alinunua miwani ku soko. Aliacha pombe, kitu ambayo hata padri alikuwa ameshindwa. Akamuomba Elisabeth aangalie mikono kama inatetemeka. Elisabeth aliiangalia muda murefu, akasema mikono haitetemeke, kinachotetemeka ni mwenyewe.

Siku moja Domitille akafika toka Fataki ku pikipiki, mashini imefungwa nyuma yake na kitenge kama mutoto. Haikuwa ile ya kwanza; ilikuwa ingine, aliyoagiza mwaka ule kwa njia ya shofere, iliyotoka depo. Aliiweka ku meza, akafuta vumbi ku uso.

"Mwana wa Paul, ng'ombe yako imekufa. Imekufa na majina ya watoto mia mbili, nani amekwisha kupata chanjo na nani bado. Watoto wale nitawatafuta nyumba kwa nyumba. Kule wananiuliza: muzee Paul angetuuzia hii?"

Anaclet akavuta mashini karibu. Alifungua. Fundo ilikuwa pale, mizunguko mbili, imekazwa vizuri. Aliishika apate kuifungua, na kidole yake ikaenda ku kuume kutafuta mukia. Hakuna mukia. Mukia ulikuwa ku kushoto.

Weye unaweza kusema, mukia ni mukia. Anaclet hakusema hivyo. Mu muji muzima aliyejua fundo ile na mwenye kutumia mukono wa kushoto alikuwa mutu moja. Alifungua nyuzi, akainua. Chini kulikuwa vumbi ya zamani, nyeusi, imegandamana, na ku chuma kikaratasi ya inventaire, ya kuhesabu mali ya shule fulani ya mbali, mu luga hakuna mutu pale aliweza kusoma. Mashini ilikuwa imezeeka ku nchi ya wengine, ikatupwa, ikaoshwa, ikapakwa rangi. Na ikafungwa na fundo ya baba yake.

Alimuomba Domitille alale mu muji, arudi kesho. Kisha akaenda ku depo.

Rémy hakukana. Alikaa ku katoni, akalia kama mutu mwenye kungoja kuulizwa tangu zamani. Alisema ni patron aliagiza, alisema alitishwa kuondoshwa, alisema mashini zilikuwa mingi na bila fundo hakuna aliyezitaka.

"Nipe mupaka kesho tu, yaya, mukubwa wangu," alisema. "Kesho nitasema mimi mwenyewe, mbele ya patron na mbele ya watu. Ninakuapia ile mugongo ilibeba mama yangu."

Anaclet akamupa mupaka kesho. Hapo wengi wetu tunamuita mupumbavu. Lakini sema weye: kiapo ile ungeikataa namna gani?

Kesho yake asubui, alipofika, chumba ya bluu ilikuwa imejaa. Patron mwenyewe alikuwa amewaita wanunuzi sita wa mashini zilizokufa, kwa hiyo alikuwa amekwisha kujua, na mwenye kumujulisha alikuwa mutu moja tu. Domitille alisimama karibu na dirisha. Mashini moja ilikuwa wazi ku meza. Patron aliielekeza na kalamu, akauliza kwa upole, kama mwalimu:

"Fundo hii ni ya nani?"

Anaclet aligeuka kumuangalia Rémy, akangoja. Wote wakangoja. Rémy alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mutu yote mu Bunia anajua," Rémy akasema. "Ni ya Anaclet."

Anaclet akasema mukia uko ku kushoto. Alirudia, akawaonesha na kidole, yeye anapitisha ku kuume, baba yake alipitisha ku kuume. Mwalimu moja akamuuliza kama mashini yake ilikufa sababu ya mukia. Watu wakacheka. Vita haikumufanya Anaclet alie, typhoïde haikumufanya alie. Kicheko ile ilimufikisha karibu.

Patron akatangaza section imefungwa juu ya kazi mubaya ya fundi. Mbele ya saa sita karatasi ilikuwa ku mulango, na jina yake ndani. Blouse ilibaki ku musumari. Kiti ya kuzunguka ilipelekwa ku mashini za kubeba, ambazo zilipata mukubwa wao siku ileile, na mukubwa yule unamujua.

Inje, Domitille alimufuata. Alimuambia kwamba yeye aliona mukia.

"Na ulinyamaza," Anaclet akasema.

"Wangecheka siye wawili."

Anaclet akaendelea kutembea. Lakini kule Fataki kulikuwa watoto mia mbili na kaburi moja. Aliingia nyumbani, akachukua ordinateur ya kwanza kabisa aliyoitengeneza, ile Elisabeth alikuwa anaifunika na kitambaa ya kushona kama meza ya padri. Elisabeth aliondoa kitambaa mwenyewe, akaikunja. Nyuma ya siku mbili Anaclet alikuwa Fataki, mashini imewekwa, imewaka. Wazee wa ng'ombe walikuja kusimama ku mulango, mikono nyuma, kuangalia mwana wa Paul. Alikusanya nyuzi za ndani. Domitille alimupa kipande ya mupira aliyokuwa ameitafuta makusudi, ya baiskeli yake mwenyewe, akamuambia afunge, wazee waone.

Anaclet aliikunja mupira ile, akamurudishia.

"Tafuta kamba yako," akasema. "Ufunge weye."

Muzee moja ku mulango aliinamisha kichwa kidogo. Domitille alienda, akarudi na bande ya jeraha, akazifunga nyuzi namna anafunga mikono ya watu. Ilikuwa fundo mubaya kabisa. Anaclet akafunika sanduku.

Leo iko anatengeneza redio ku baraza ya nyumba yake, pale Shari. Wengine wanakuja, wengine bado wanauliza kwa mbali kama mikono imepona. Maison Katsuva haiuze tena ordinateur, hata za kubeba. Iko inauza simu na mito ya kitanda. Chumba ya bluu ni ya mito.

Mwaka jana Rémy alifika ku baraza. Alikuwa na redio ya mama yake, ile ya zamani, ya mufuko wa ngozi. Alisema inatoa kelele tupu, mama hasikie tena misa. Kisha akasema, chini kwa chini, mama anauliza kila mara juu ya nini Anaclet haendi tena kumuona.

"Ulimujibu nini?"

Rémy akasukuma redio karibu na Anaclet.

Anaclet alifungua redio ya mama Adeline, akafanya kazi ku ile redio kuliko redio yoyote mwaka ule. Alisafisha kila kitu na mafuta kidogo. Aliiwasha, wimbo wa kanisa ukatoka safi mupaka jirani akageuka. Akaizima. Kisha akaitoa kwa Rémy vile ilivyo, mugongo wazi, nyuzi zinaning'inia inje kama matumbo, na juu yake kipande ya mupira.

"Mama asalimiwe," akasema. "Funga weye mwenyewe. Unajua."

Rémy alisimama pale ku baraza, mupira mu mukono wa kushoto. Anaclet akaita mutu mwenye kufuata.