Chupa Aliyoifungua Mama

Nilipita nyumbani Gwata na chupa ya maji kutoka tabaka la kina la bahari ambako oksijeni karibu inakwisha na bakteria wanapumulia chumvi ya naitreti badala yake, wakitoa gesi ya oksidi ya nitrasi. Nilikuwa naipeleka maabara. Mama akaifungua uani aioshe. Kwake, chupa yenye kizibo kizuri ni ya mafuta ya nazi.

"Mama! Gesi yangu imetoka! Hiyo inakaa angani muda mrefu kuliko umri wa mtu!"

Akanusa, hakusikia harufu. "Basi itatuzika," akasema, akaendelea kuisugua kwa mchanga.

Jana tulisoma arobaini ya Mama. Chupa iko dirishani, mafuta yamefika nusu. Kila nikivuta pumzi pale uani, nasikia mchanga ukisugua kioo.