Dobi Aliyengoja Ishara

Mtaa ule ulikuwa na dobi mmoja, mikono yake ilijaa baraka, lakini kichwa chake kilikuwa na kigugumizi. Akikufulia shati jeupe, ulivae umefumba macho, la sivyo mng'ao wake utakugongesha ukutani. Suruali ikipita chini ya pasi yake, mkunjo ule ungeweza kukatia vitunguu. Nzi aliyetua juu yake aliondoka akichechemea. Asiyeamini akaulize wenye suruali.

Ila kuamua jambo, hapo ndipo dobi alipokwama. Alikuwa mtu wa Mungu kwelikweli, wa kusali asubuhi mpaka makaa ya pasi yazimike, na aliamini kwamba Mkristo safi hagusi kitu kabla ya kupewa ishara. Aanze na mashuka au soksi? Alikaa kimya kungoja nguo ya kwanza ianguke kutoka kwenye lundo. Anunue sabuni ya mche au ya unga? Alisimama dukani mpaka mwenye duka apige chafya. Siku moja mwenye duka alikuwa mzima wa afya, dobi akashinda pale kutwa, wateja wakaanza kumuuliza yeye bei ya sukari. Mtaa mzima ukambatiza jina la Ngoja Ishara.

"Ngoja Ishara, shati langu liko wapi? Harusi ni leo!"

"Liko tayari, ndugu yangu. Nasubiri tu kuonyeshwa kama nilikunje au nilitundike."

"Nionyeshe mimi, nilivae!"

Mke wake alikuwa amefariki miaka mingi iliyopita, na dobi alibaki akiishi na mama mkwe, bibi mfupi wa meno machache na maneno mengi. Alipoambiwa arudi kwao baada ya msiba alijibu, "Aliyekufa ni binti yangu, si mimi," akaenda kuinjika chai.

Basi, ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi wa cherehani, mama mjane mwenye kicheko cha kutikisa vioo. Nguo ikikatika kifungo, dobi aliipeleka kwake ishonwe. Mwanzoni ilikuwa nguo moja moja. Mwaka huo vifungo vikaanza kukatika kama mvua ya mawe. Mwisho dobi akapeleka mashuka.

"Shuka lina kifungo wapi, dobi?" fundi aliuliza.

"Si kinaweza kuhitajika siku moja?"

Fundi alicheka mpaka uzi ukakatika, kisha akaweka sindano chini. "Kaka yangu amenipatia chumba cha kazi kwenye mji anakoishi. Jumamosi nampa jibu. Nisipoona sababu ya kubaki, naondoka." Akamtazama dobi moja kwa moja.

Dobi akalikunja shuka lake. "Ngoja nisali."

"Sali. Lakini Jumamosi yenyewe haingoji, inakuja tu."

Dobi akarudi nyumbani. Akamkumbuka Gideoni wa Biblia, aliyetandaza ngozi ya kondoo ili Mungu amwonyeshe ishara kwa umande. Kondoo hakuwa naye, lakini blanketi lilikuwepo. Alhamisi jioni akalitundika uani, akasali kwa sauti: "Bwana, kesho likiwa limelowa na ardhi ni kavu, nitajua nimuoe fundi."

Dirishani, mama mkwe alisikia kila neno.

Ijumaa asubuhi blanketi lilikuwa limelowa chapachapa. Dobi akaruka kwa furaha, kisha akatazama chini. Palikuwa na dimbwi ambalo bata angeogelea.

"Ardhi nayo imelowa," alisema kwa huzuni. "Jibu limekuja na utata."

Mama mkwe akauma midomo. Jioni dobi akatundika tena. Safari hii blanketi liwe kavu, na ardhi ndiyo ilowe. Jumamosi asubuhi akatoka mbio. Ardhi ilikuwa imelowa, blanketi kavu kama biskuti! Akaanguka magoti, akalikumbatia, akaliweka usoni. Akanusa. Akanusa tena.

"Mama," aliita polepole. "Mbona ishara hii inanuka dawa ya kuchua mgongo?"

"Nililala nalo ndani lisipate umande," mama mkwe alisema bila kupepesa macho. "Ardhi nimeimwagilia mimi. Na jana ni mimi, ila nilikosa nguvu za kulikamua."

"Mama! Umeingilia kazi ya Mungu!"

"Nimemsaidia Mungu kupumzika. Wewe umemgeuza dobi, leo alowanishe, kesho akaushe! Hebu kaa hapo. Neno la Mungu linamkataza mgane kuoa mjane?"

"Hapana."

"Mchungaji umemuuliza?"

"Amesema ni mama mwema, na kwamba nimechelewa."

"Ukisali bila blanketi, moyoni unasikia nini?"

Dobi akafikiri. "Amani. Mpaka nikumbuke kwamba anaweza kunikataa."

"Basi huo ni woga, mwanangu, usiuite kukosa ishara. Gideoni naye alikuwa ameshaambiwa la kufanya. Ngozi ile Mungu alimvumilia tu, kama mimi ninavyokuvumilia wewe. Mtaka cha uvunguni huinama, wewe unataka Mungu akuinulie kitanda! Vuka barabara."

"Hata kama sina uhakika?"

"Ungekuwa na uhakika ungehitaji imani ya nini? Vuka!"

Dobi akavuka na ndala moja. Akamkuta fundi amekwisha kuifunga cherehani yake kwa kamba.

"Fundi, Mungu ameniambia wewe utakuwa mke wangu."

"Lini? Mbona mimi hajaniambia, na nimesali jana na juzi?" Fundi alishika kiuno. "Usimbebeshe Mungu maneno yako. Wewe mwenyewe wasemaje?"

Jasho likamtiririka dobi kuliko nguo zake zote kambani.

"Mimi nakupenda. Ishara sina. Nimesali, nimeuliza wakubwa, mama mkwe amenifokea, na nimeamua kukuuliza. Ukikataa nitalia, lakini nitakuwa nimekuuliza. Utakubali nikuoe?"

Fundi akamkagua kama kitambaa cha kununua.

"Unakoroma?"

Macho ya dobi yakapanda darini.

"Hilo usilisalie, jibu!"

"Nakoroma. Majirani wa nyumba ya pili wanasikia."

"Na yule bibi, ukioa atakwenda wapi?"

"Haendi popote. Ni mama yangu." Hilo alilijibu bila hata kupumua.

Fundi akaachia tabasamu. "Hilo ndilo nililokuwa namwomba Mungu anionyeshe. Haya, kaka nitamjibu. Njoo unifungulie cherehani."

Dobi akachuchumaa, akashika kamba iliyokuwa na mafundo mawili, akainua kichwa.

"Nianze na lipi?"

Fundi akamwangalia tu.

"Basi, basi," dobi alisema haraka, akaanza na lililokuwa karibu na mkono.