Aliyeupeleka Mwili Kwao

Juzi, uwanja wa ndege wa Doha, niliona jeneza likipakiwa, jina limeandikwa ubavuni kwa kalamu nene. Nikamkumbuka baba alasiri moja, akipiga pasi sare yake ya ulinzi katika chumba chetu cha mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Chumba kilinukia nguo moto na chai ya iliki. Nilikuwa nikimsomea kitabu cha shule, juu ya Mgiriki wa kale aliyekubali kufa kijana vitani ili jina lake liimbwe milele.

"Huyo ndiye shujaa, baba."

Pasi ikasimama. "Na mwili wake, nani aliupeleka kwao?"

Nilikasirika. Niliona hajaelewa, nikamrudia vile vita polepole, kama ninayemfundisha mtoto.

Wiki hiyo Anko Barasa, mlinzi mwenzake, alikuwa amefariki, na baba alishinda maofisini akitafuta karatasi za kumrudisha kwao Bungoma. Mimi niliambiwa Anko amesafiri. Baba alinisikiliza mpaka mwisho, akavaa shati likiwa bado moto, akatoka.

Kurasa za mwisho nilikuwa nimeziruka, kwa kuwa hazikuwa na vita. Nilizisoma ukubwani. Zilihusu mzee anayehangaika kuurudisha nyumbani mwili wa mwanawe, aliyeuawa na shujaa yuleyule, na baba hakuwepo tena nimwambie.